Mwanafunzi Mgumu wa Mzee Shafti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, sisi tunaazima masikio tu. Leo tunamkumbuka mzee mmoja ambaye jina lake la kitambulisho majirani wengi walilisikia kwa mara ya kwanza siku ya mazishi yake. Wakatazamana. Kumbe ndivyo alivyoitwa! Wao walimjua kwa jina moja tu, na sisi tutamwita kwa hilo hilo. Mzee Shafti.

Mzee Shafti alikuwa fundi wa nyaya za simu. Alipanda nguzo, akashuka nguzo, na kati ya nguzo na nguzo alipanda pikipiki. Pikipiki hiyo ndiyo iliyompa jina. Haina cheni, wasikilizaji. Nguvu ya injini inafika kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti, yaani chuma kirefu kinachozunguka ndani ya bomba. Ni pikipiki ya zamani, nzito, yenye sauti nene. Ukimwambia Mzee Shafti kwamba siku hizi kuna pikipiki nyepesi zaidi, anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake.

Alipostaafu, kazini walimwachia pikipiki ile, akaipanda mpaka magoti yalipogoma. Ndipo akamkabidhi funguo bintiye, kitinda mimba wake. Binti huyu ni mwalimu wa ufundi wa magari katika chuo kimoja nje kidogo ya mji. Hilo naomba mlishike vizuri. Binti ni mwalimu wa ufundi. Kufungua injini na kuzifunga ndiyo kazi yake ya kila siku.

Mzee alimpa funguo kwa sharti moja. Alisema, "Pikipiki ni yako, mama. Oili ni yangu."

Sasa ni lazima mjue kitu kimoja kuhusu oili. Pikipiki ile inakunywa oili sehemu tatu. Injini ina yake. Giaboksi ina yake. Na kule nyuma, katikati ya gurudumu, pale shafti inapokutana na gia za mwisho, kuna yake. Sehemu tatu, na kila moja ina nati yake ya kujazia juu na nati yake ya kumwagia chini. Oili ya injini haina makuu. Oili ya gia ni nzito, na inanuka mayai viza.

Mkewe anacheka akikumbuka. "Siku ya oili ya gia nilikuwa namwekea chakula nje," anasema. "Mume wangu nilimpenda, jamani, lakini si kwa harufu ile."

Na mzee alikuwa na utaratibu wake. Kwanza aliwasha injini ipate moto, maana oili ikiwa na moto hutoka pamoja na uchafu wake. Akaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, isilale upande. Halafu, kabla ya kugusa nati ya kumwagia, alifungua ya kujazia. Kila mara. "Ukimwaga kwanza, halafu ya juu ikakugomea kufunguka, utajaza wapi?" alikuwa akiuliza. "Utabaki umekaa na pikipiki kavu, unaitazama." Nati ya chini ina sumaku, na sumaku ile hunasa unga wa chuma. Mzee aliusugua unga ule kati ya vidole. Ukiwa laini, ni uzee tu. Ukiwa na vipande, ni ugonjwa. Kisha akaweka washa mpya ya shaba, ile pete nyembamba inayozuia oili isivuje, akakaza kwa mkono wa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Bodi ile ni ya alumini, na ukiikaza kwa hasira unakula uzi wa nati, haishiki tena.

Miaka ikaenda. Mzee akaanza kusahau.

Ilianza na majina ya majirani. Ikaja chumvi kwenye chai, mara moja, mara mbili. Siku nyingine alitoka kwa kinyozi akapotea njia ya nyumbani, njia aliyoipita maisha yake yote. Familia ikawa inacheka kidogo, inaogopa kidogo, kama familia nyingi zinavyofanya.

Kisha ikaja asubuhi moja. Jana yake, binti akiwa kazini, mzee alikuwa amebadilisha oili ya injini. Alijisifu jioni yote. Asubuhi binti akatoa pikipiki bandani, tayari kuondoka. Kwa mazoea tu, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya injini. Oili ilikuwa imepita alama, imepita mbali kabisa. Akashangaa. Akageuka, akaliona karai la oili chafu kwenye kona ya banda. Akainama.

Karai lilikuwa linanuka mayai viza.

Mmeelewa, wasikilizaji? Mzee alikuwa amefungua nati ya giaboksi akidhani ni ya injini. Akamwaga oili yote ya gia. Halafu akajaza oili mpya kwenye injini, juu ya ile ya zamani. Injini imevimbiwa, na giaboksi haina hata tone. Binti angeondoka nayo, gia zingepata moto, zingekamatana, na gurudumu la nyuma lingesimama ghafla barabarani, huku malori yanakuja nyuma yake.

"Nilikaa pale pale, juu ya ndoo," binti anatuambia. "Na baba yuko dirishani na kikombe chake, ananiuliza, inakwendaje? Nikamwambia, safi, baba."

Siku hiyo alisingizia kichwa kinamuuma, akaenda kazini kwa basi. Mzee alipolala mchana wa Jumamosi, akarekebisha kila kitu kimya kimya, akaficha karai.

Lakini binti alimweleza kaka yake yote. Kaka yake ni mshonaji, mtu wa maneno machache, na siku hiyo hakuyapamba. "Mnyang'anye spana kabla hajakuua," alisema. "Ama liuze hilo dude. Baba atanuna wiki moja, atasahau."

Na hatuwezi kusema kaka alikosea. Yeye alimwogopea dada yake, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Binti akamjibu, "Hatasahau. Hilo ndilo hatalisahau. Nikimnyang'anya spana, kitabaki nini? Mzee aliyekaa kwenye kiti."

Basi akawa katikati. Huku heshima ya baba yake, huku shingo yake mwenyewe. Alilala nalo, akaamka nalo. Na siku ya oili ilipofika tena, akavaa nguo za kazi, akaenda kuchuchumaa kando ya mzee.

"Baba, nifundishe."

"Nikufundishe nini? Si wewe mwalimu?"

"Chuoni tunafundisha magari. Hii ya shafti inanipiga chenga."

Ulikuwa uongo mtupu, wasikilizaji. Angeweza kuifungua ile pikipiki yote gizani. Lakini mzee alifurahi mpaka akaitisha chai.

Tangu siku hiyo, mwalimu akawa mwanafunzi. Kila nati aliuliza. Baba, hii ni ya wapi? Baba, tunaanza ya juu au ya chini? Mzee akijibu sawa, anafungua. Mzee akikosea, binti hasemi umekosea, hata siku moja. Anauliza tena kwa njia nyingine. "Na ile inayonuka, baba, inatoka wapi?" Mzee anasimamisha mkono. Anapapasa chuma, kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Halafu anasema, "Hapana, hapana, siyo hii. Njoo huku." Akili ikimtupa, vidole vilikuwa vinajua njia.

Na kwa kuwa binti aliuliza yale yale kila mara, mzee akafikia uamuzi wake. Akautangaza mtaa mzima. Binti yangu ana kichwa kigumu! Alimwambia muuza duka. Alimwambia kinyozi. Na siku moja wanafunzi wawili wa chuoni, wanawake watu wazima, walikuja nyumbani kuleta kazi zao zisahihishwe. Wakamkuta mwalimu wao amechuchumaa, mikono myeusi, anauliza tundu la oili liko wapi.

"Huyu ndiye mwalimu wenu?" mzee akawauliza.

"Ndiye, mzee."

"Poleni sana, wanangu."

Wale wanawake walijikaza wasicheke, ikashindikana. Kesho yake chuo kizima kilikuwa na habari. Binti anakiri kwamba ilimuuma. Mtu ana jina lake kazini, amelitafuta kwa jasho, halafu linachezewa hivi hivi. Angeweza kuwaita wale wawili pembeni akawaeleza. Lakini kueleza kungekuwa kumwanika baba yake, kwa hiyo akanyamaza, akaliacha jina lake lichekwe.

Haikuwa rahisi siku zote. Kuna siku mzee alikosea nati, akaulizwa, akakosea tena, akaulizwa tena. Akanyanyuka. Uso umebadilika.

"Unanipima wewe?" akafoka. "Unanitega? Unadhani mimi nimekuwa mtoto?"

Akaitupa spana. Iligonga ukuta wa banda, mama akatoka jikoni mbio. Binti anasema hapo uongo wote ulimwisha. Akabaki na ukweli tu.

"Baba, mimi ndiye ninayeipanda. Naogopa."

Mama anasema alimwona mumewe anatazama mikono yake, kwanza upande mmoja, halafu upande wa pili. Kisha akaenda mpaka ukutani, akainama kwa shida, akaiokota spana. Akarudi. Akachuchumaa.

"Basi uliza," alimwambia bintiye. "Uliza zote, mama. Usiache hata moja."

Hawakulizungumza tena jambo hilo. Oili ikaendelea kubadilishwa. Mtaani akaendelea kumsema bintiye kwamba ana kichwa kigumu, na binti hajui mpaka leo kama pale mzee alikuwa amesahau, au alikuwa anamtania.

Mwaka wake wa mwisho, Mzee Shafti hakuweza tena kushika spana. Mkewe alimtambua siku nyingi, siku nyingine hapana. Mwanawe mshonaji, mzee alimwita "bwana mkubwa", na ni kaka huyo huyo, aliyetaka dude liuzwe, aliyekuwa akimbeba mzee na kiti chake mpaka uani siku ya oili ikifika. Binti, mzee alimwita "we dada", kama mtu anayeongea na mpita njia.

Siku ya mwisho waliyobadilisha oili, binti alifanya yote mwenyewe. Maswali hayakuwa na wa kuyajibu tena, basi akawa anasema kwa sauti kila anachofanya. Nafungua ya juu. Sasa ya chini. Naangalia sumaku, unga ni laini. Naweka washa mpya. Injini, kisha giaboksi, kisha ya nyuma. Mzee alikuwa anatazama, hapepesi. Binti alipokaza nati ya mwisho kwa ule mkono wa upole, akaifuta kwa kitambaa, mzee akainama mbele kwenye kiti chake.

"We dada."

"Naam, mzee."

"Nani kakufundisha kazi hii?"

"Baba yangu," akajibu.

Mzee akaitazama ile nati. Akamtazama mikono. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake.

"Mpe salamu zangu," akasema. "Mwambie kazi yake nimeiona."

Binti akasema atamwambia. Akaingia bandani, akalia kwenye kile kitambaa mpaka uso wote ukawa mweusi kwa oili.

Wiki chache baadaye Mzee Shafti alifariki dunia, mchana, usingizini, mkewe akiwa chumbani humo humo anakunja nguo.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wetu tuna mtu nyumbani ambaye kumbukumbu inamtoroka. Mara nyingi tunawahi kumsahihisha. Tunawahi kumpokonya kitu mkononi, na wakati mwingine ni lazima, hatukatai. Lakini leo kipindi hiki kikiisha, sogea karibu naye. Mwombe akufundishe kitu ambacho tayari unakijua. Kisha mwache afundishe.

Kwako mama uliyebaki, poleni sana, nyumba nzima. Kwako kaka, uliyebeba kile kiti, pole. Na wewe mwalimu, tunajua redio ya chuoni iko wazi na unatusikia. Pole, dada yetu. Ile salamu uliyotumwa kwa baba yako, ilishafika pale pale, maana aliyekutuma ni yeye mwenyewe.