Always Ikae Wapi?

Benchi la nje ya duka la fundi cherehani, mkabala na stesheni ya Voi, halijawahi kuamua jambo likaamulika. Tangu kikombe cha kwanza cha kahawa ya Mzee Bwanaheri mpaka cha mwisho, kazi ya pale ilikuwa kudharauliana. Kimeu aliyajua hayo, na bado Jumanne ile ya mwaka wa sabini na tatu alikwenda kuketi pale na karatasi yake, maana hakuwa na pengine. Yeye alikuwa mshika koki ya tangi kwenye kambi ya wakata mkonge, nje kidogo ya mji. Jumapili asubuhi tangi lilikuwa limejaa. Jumatatu likawa kavu, maji yote yameishia mchangani. Meneja alimtaka ajieleze kwa barua, kwa Kiingereza, kabla ya saa sita mchana. La sivyo, arudishe ufunguo wa nyumba ya kampuni, yeye na watoto wake wanne.

— Hebu soma, alisema Obadiah, aliyewahi kufundisha Kiingereza huko Bura miezi minane, na tangu hapo akaitwa Grama.

Kimeu, aliyetaka kusema kwamba koki huifunga siku zote, alisoma kama mtu anayeungama.

— I have closed always the tap.

Grama alicheka hadi kahawa ikamtokea puani.

— Hiyo ni Kiingereza ama ni kikohozi? Always inakaa katikati, bwana. I have always closed. Have huku, closed kule.

— Kwa nini katikati?

— Fahali wawili hawakai zizi moja. Have ni fahali, closed ni fahali. Always ni ua, inawazuia wasipigane pembe.

Kimeu alifuta, akaandika upya. Hapo fundi Mbuvi, waliyemwita Pasi kwa vile maneno yake yaliunguza, akasimamisha cherehani.

— Usimsikize huyo. Miezi minane tu, halafu watoto wenyewe wakaomba aondolewe! Maneno hayo ni kitambaa kimoja. Ukikikata katikati utie kiraka, Mzungu ataona kiraka kwanza. Always weka mwisho, kama pindo.

— I have closed the tap always, Kimeu akajaribu.

— Haya! Grama alidakia. Sasa unamwambia koki imefungwa siku zote, haijafunguliwa hata mara moja. Watu wa kambi wana kiu tangu uhuru, na mkosaji ni wewe!

Jasho lilimtoka Kimeu, likadondokea karatasi. Saa ya stesheni ilikuwa imepita tano na nusu.

— Basi mbele, alisema Pasi. Always I have closed. Kama injini ya treni.

— Injini gani? Hayo ni mahubiri. Meneja atauliza sadaka iko wapi.

— Ikionekana pweke, ipe not. Hao wawili ni marafiki, nawasikia kwa redio wakitembea pamoja. I have not always closed.

Grama alishika kichwa.

— Umemfanya akiri! Fundi, umemfukuzisha mtu kazi kwa herufi tatu!

— Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, alijibu Pasi, akidhani amemfariji Kimeu.

— Kiswahili chenyewe hamkijui, alisema Mzee Bwanaheri akimimina, nanyi mwagombea cha watu.

Alikuwa bado anamimina alipofika mwanamke mwenye debe mgongoni, kamba yake imemkaza kipaji cha uso. Alilitua likiwa limejaa, akaomba maji ya kunywa asije akalipunguza. Kimeu alimtambua: Syombua, wa kambini, nyumba ya tatu kutoka tangini. Tangu jana alikuwa akitembea hadi mjini kuteka. Alikunywa, akasikiliza kidogo, kisha akamgeukia.

— Ndugu Kimeu, hizo siku zote mimi nakuamini. Lakini Jumapili uliifunga?

Grama alitazama reli. Pasi aliutafuta uzi ambao haukuwa umepotea.

Kimeu aliyaona yote tena: amefungulia ng'ombe wa kampuni maji, amesikia kelele za mpira uwanjani, amejiambia ni dakika mbili tu.

— Sikuifunga, mama.

Syombua hakumtukana. Alitweka debe lake, akashika njia ya kambini.

Kimeu aligeuza karatasi, upande usio na futafuta, akaandika polepole: On Sunday I did not close the tap.

— Sasa hiyo not, Grama alianza, kikawaida...

Kimeu alimtazama. Grama akainamia kikombe.

Meneja aliisoma barua mara moja, hakusahihisha kitu. Alimpokonya koki, akampa panga akakate mkonge na wengine. Nyumba alimwachia.