Shamba la Mjomba na Ndoo ya Vitu vya Kale

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa kibanda changu cha kushona viatu, na nawaambia mapema kwamba benchi ni langu, ingawa wanaolikalia wanaongea kana kwamba walizaliwa nalo. Yupo Redio, kinyozi wa jirani, ambaye akishawaka hazimiki. Yupo Hakimu, aliyelinda geti la mahakama miaka ishirini na mpaka leo anahukumu kila kinachopita. Dada Birika ndiye anayetumiminia kahawa na kutukata kauli. Asubuhi hiyo katikati ya benchi ilikaa ndoo ya plastiki, na kando ya ndoo alikaa Mjomba. Si mjomba wa yeyote kati yetu. Ni mkulima ambaye mtaa mzima unamwita hivyo, na wiki ile alikuwa hapati usingizi. Shambani kwake, shamba la pekee alilo nalo, vilikuwa vimetoka vitu vya kale. Mvua ilibakiza siku mbili tatu, na hakujua apande au asipande.

Kitu cha kwanza, kigae cha chungu chenye michoro, alikipata mwenyewe akichimbia nguzo ya geti. Kisha akaenda kufuata mbegu, akatuomba tumwangalizie shamba. Tukaliangalia kwa majembe. Aliporudi jioni alikuta ndoo ina jiwe lililochongwa kama shoka, kigae cha pili, shanga za kioo, sarafu yenye tundu katikati na kifungo cha shaba cha koti la askari.

MJOMBA: Jamani, mimi nauliza jambo moja tu. Nipande, nisipande?

REDIO: Tulia, Mjomba. Ofisi ya mambo ya kale nimeshaipigia simu. Nimewaambia shamba zima limejaa, kila hatua maajabu.

MJOMBA: Shamba zima? Nani kakutuma useme zima?

REDIO: Ukisema kidogo hawaji, bwana. Lazima uwatie hamu.

DADA BIRIKA: Wewe ukikohoa mtaa unasikia kuna msiba.

HAKIMU: Utaratibu! Tuanze na jiwe. Hili ni la watu wa zamani kabisa, kabla ya chuma.

REDIO: Ni wembe huo. Tazama makali. Huyu alikuwa kinyozi, na pale palikuwa na kibanda chake.

MIMI: Wembe gani wa kilo nzima? Ungemnyoa mtu na masikio yake. Hiyo ni nyundo ya fundi viatu. Ona inavyokaa mkononi.

REDIO: Acha zako! Watu wa kale walitembea pekupeku.

MIMI: Sasa ulitaka watembee na nini wakati fundi ndiyo kwanza anatafuta nyundo?

Nakiri nilipandwa na hasira. Ufundi wangu hausemwi vibaya juu ya benchi langu.

DADA BIRIKA: Ninyi mnagombania jiwe na chungu mnakiona. Chungu ni cha kupikia kahawa. Aliyefika wa kwanza pale alikuwa mwanamke mwenye birika, wengine wote walikuja kunywa.

HAKIMU: Na shanga?

DADA BIRIKA: Zake. Ulitaka auze kahawa shingo tupu?

REDIO: Mimi naona hivi. Vyote ni vya mtu mmoja. Tajiri! Shoka mkononi, shanga shingoni, kifungo kifuani, sarafu mfukoni. Akafukuzwa na mkewe, vitu vikarushwa nje.

MIMI: Kati ya jiwe hili na kifungo hiki kuna maelfu ya miaka. Huyo mke alirusha kwa muda gani?

REDIO: Alikuwa amekasirika sana.

Hakimu alipiga kikombe juu ya benchi mara tatu, kama anavyofanya akitaka kutoa hukumu. Kahawa ikanimwagikia suruali.

HAKIMU: Mimi nimekaa kwenye geti la serikali, naijua serikali. Mnabishana bure. Hapo shambani palikuwa na ofisi, na hivi ni vitu vya watu waliopanga foleni. Wa kwanza alikuja na shoka la jiwe. Akaambiwa subiri. Nyuma yake akaja mwenye chungu. Subiri. Mwenye shanga, mwenye sarafu, subirini, karani ametoka kidogo. Mwisho akaja askari kuwapanga vizuri, naye akazeekea hapohapo, kikabaki kifungo.

REDIO: Na yule wa kwanza?

HAKIMU: Hajahudumiwa mpaka leo.

Tulicheka mpaka Redio akashika mbavu. Mjomba peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mawingu, mkono wake juu ya gunia la mbegu alilolileta mpaka kijiweni, maana alisema nyumbani panya hawamheshimu.

Ndipo akaja binti mmoja, buti zimejaa vumbi, daftari kwapani.

BINTI: Shikamooni, wazee wangu.

Tukaitikia. Akasema anatoka ofisi ya mambo ya kale na ameelekezwa hapa kwa kinyozi aliyepiga simu. Redio akaiweka sawa kola yake. Binti akachuchumaa, akatoa kigae ndani ya ndoo, akakinusa.

BINTI: Mbona kinanukia viatu?

MIMI: Nilivisafisha, mwanangu. Brashi kwanza, halafu rangi. Cheusi nikapiga nyeusi, cha kahawia nikapiga kahawia. Nisingekuonyesha vitu vichafu.

Akafumba macho kidogo, akayafumbua. Ana adabu yule binti.

BINTI: Haya. Si neno. Mzee mwenye shamba ni nani?

MJOMBA: Ni mimi, binti yangu. Nasubiri uniambie kama nipande.

BINTI: Utapanda, baba. Tunazungushia kamba pale tu vilipotoka vitu, labda hatua kumi kumi. Kwingine kote unaendelea na kazi zako.

Nilimwona Mjomba akishusha pumzi iliyomkaa kifuani wiki nzima. Aliinama akataka kumshika mikono.

BINTI: Kwa hiyo niambieni tu. Kila kimoja kilitoka wapi?

Nilijaribu kukumbuka, nikakumbuka jasho tu.

MJOMBA: Hiki chenye michoro, getini. Nilikitoa mwenyewe.

BINTI: Vizuri. Na hili jiwe?

Redio akaonyesha juu kulia. Mimi nikaonyesha chini kushoto. Dada Birika akasema yeye alikaa chini ya mwembe wa mpakani kutupikia kahawa, asiulizwe.

HAKIMU: Mimi nakumbuka barabara. Nilichimba pale kilipoishia kivuli changu.

BINTI: Saa ngapi, mzee?

HAKIMU: Hapo sasa.

BINTI: Basi twendeni mnionyeshe mashimo.

REDIO: Mashimo? Tuliyafukia yote! Mjomba mwenyewe katufundisha, shimo la wazi linavunja mguu wa mbuzi. Tukapitisha na reki. Kumenyooka kama kichwa nilichonyoa mimi.

Alilisema kwa fahari, maskini. Kisha akaona sura ya binti, na fahari ikamwishia mdomoni.

BINTI: Nisameheni, wazee wangu. Kama hamjui ni wapi, siwezi kufunga kipande. Na simu ilisema shamba zima. Itabidi nilifunge lote mpaka wataalamu walipime.

MJOMBA: Mpaka lini?

BINTI: Miezi minne. Labda mitano.

Hakuna aliyeuliza kuhusu mvua. Niliona aibu, tena aibu ile inayochoma masikio, kwa sababu tulimchimbia mtu njaa yake na kuisawazisha kwa reki, na tulikuwa tunaimba tukifanya hivyo. Nilitaka atutukane. Angetutukana ningepona haraka.

Mjomba hakututukana. Alifungua mdomo wa gunia, akachota mbegu, akazitazama. Zilikuwa zimeshatiwa dawa, za rangi ya waridi; haziliki na hazisubiri mwaka mwingine.

MJOMBA: Hakimu, nyumba yako ina uwanja nyuma?

HAKIMU: Upo. Ila mke wangu anaanikia nguo.

MJOMBA: Ataanika ndani. Redio, mbele ya kibanda chako?

REDIO: Pale wateja wanasubiria, Mjomba…

MJOMBA: Watasubiri wamesimama. Dada Birika?

DADA BIRIKA: Chukua wote, kaka. Mimi jiko langu nitalisogeza.

Kisha akanigeukia mimi. Nikamwambia sina uwanja, nina kibanda tu na benchi. Akainama, akachungulia ardhi iliyo chini yetu, akachukua udongo kidogo akausaga kwa vidole. Alinyanyuka, akachukua jembe lake lililoegemea ukutani.

MJOMBA: Inukeni.

Tukainuka.