Nilipoulizwa Napenda Kuvaa Nini

Bwana Yesu apewe sifa zake, watu wa Mungu! Na nyie mabinti wa kule nyuma, mpeni Bwana sifa kwanza, gauni mtaliangalia baadaye. Nimewaona.

Ndugu zangu, mie ni Mama Neema wa Kiwalani, mnanifahamu. Nina wajukuu, magoti yananisumbua, na leo nimesimama kushuhudia kwamba Bwana amenifungua. Ila mkiniuliza amenifungua kutoka kwenye nini hasa, hapo mtanionea. Nimelala nikiwaza, nimeamka nikiwaza, jina lake sijalipata. Nitasimulia ilivyokuwa, mwenye kuelewa anisaidie.

Mie nilikuwaga mtu wa sare. Harusi ya mpwa, sare. Send-off ya binti wa jirani, sare. Kwaya sare, kikundi cha akina mama sare, na msiba nao una kitenge chake. Kamati inakaa, inachagua kitambaa, picha ya mshono inatumwa kwenye simu, mie napeleka kwa fundi. Sisemi ni vibaya! Sare ni upendo, na nilizivaa kwa furaha. Kabati langu lilijaa shughuli za watu tu.

Halafu ikaja kadi moja. Jirani yetu wa zamani aliyehamia Madale alikuwa anamuaga binti yake, na kadi ikasema hakuna sare, kila mtu avae anachokipenda. Ndugu zangu, nilikaa kitandani nikalitazama kabati mpaka adhuhuri ikapita. Anachokipenda! Nani, mie? Nikashika hiki, nikakiacha, nikashika kile, kichwa kikawa kizito. Mwishowe nikachomoa kitenge cha zambarau, kizuri, kimeshonwa vizuri, nikaenda zangu.

Nafika ukumbini, shangazi wa binti ananiona, anajishika mdomo, anaanza kulia. Wengine wakamfuata. Muziki ukazimwa. Kumbe kile kitenge kilikuwa sare ya mazishi ya bibi yake huyo binti! Tulikivaa sote siku ya kumzika, na mie nimekitinga kwenye sherehe ya mjukuu wake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kabla sijafika nyumbani, wanangu walishapigiana simu kwamba mama ameanza kupoteza kumbukumbu.

Nami nikachanganyikiwa kweli. Nilijaribu kuwaeleza kwamba shida haikuwa kusahau. Shida ni kwamba niliambiwa nivae nikipendacho, nikajitafuta nisijione. Wakaniambia nipumzike.

Baada ya siku chache napita sokoni Tandika kutafuta dagaa, nakiona kitambaa cha njano chenye majani ya kijani, kimetundikwa mlangoni kwa muuza vitambaa. Moyo ukaruka! Nikakinunua bila kamati, bila shughuli yoyote, nikakificha chini ya godoro kama kitu cha wizi. Tangu hapo sikuomba kwa amani. Nafumba macho nimwite Bwana, naona njano. Nikafunga ili tamaa initoke, na humo humo kwenye mfungo nikawa nawaza mikono ya gauni iishie wapi. Bibi mzima! Nikasema hili ni pepo la urembo, limenikuta uzeeni.

Nikaacha kushiriki Meza ya Bwana. Nyie mlipokuwa mnapita mbele, mie nilibaki kwenye benchi nikijifanya magoti yanauma. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa kwamba nimedumu kwenye wokovu maisha yangu yote, halafu kitambaa ndicho kinanipeleka motoni.

Ile Jumapili mliyoniona nakuja mbele nalia, nilikuja kwa ajili hiyo. Mama mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akaniinamia sikioni.

“Tuombe nini, mama?”

Nikamwambia tamaa ya nguo initoke. Akauliza nguo gani. Nikaanza kumweleza: njano, majani, mikono. Nikajikuta namweleza mpaka mifuko. Akauondoa mkono.

“Mama, mie sioni pepo hapa. Naona gauni. Nenda kashone.”

Hapo ndipo nikachanganyikiwa zaidi! Umekuja kutolewa pepo, unatumwa kwa fundi!

Fundi wangu ni Bi Somoe, tumepakana naye, anashonea barazani kwake. Nikampa kitambaa, akaniuliza mshono gani. Nikamwambia wowote atakaouona yeye. Akasimamisha cherehani.

“Mie sivai hiki, Mama Neema. Wewe unataka nini?”

Ndugu zangu, nililia kwenye baraza la watu. Haikuwa huzuni, na kama ilikuwa furaha sijui. Bi Somoe wala hakunibembeleza, alingoja tu, utepe wa kupimia shingoni. Nikasema taratibu: mikono iishie kwenye kiwiko, na mifuko miwili, mikubwa.

Siku ya kwanza gauni nililivaa nyumbani, nachambua mchele. Mume wangu akaingia, akasimama mlangoni.

“Shughuli ya nani leo?”

“Hakuna shughuli, Baba Neema.”

Akaniangalia weee. “Kumbe unapendaga njano? Mbona sikuwahi kujua?”

Nikamwambia, “Hata mie.”

Jumapili iliyofuata nikaenda Mezani kwa Bwana nikiwa nimelivaa hili hili. Nikapokea, na amani ikaniingia, haleluya! Nilikuwa nimeimisi, jamani, nilikuwa nimeimisi sana.

Namshukuru Mungu kwa hilo. Sare ya kwaya nitavaa, msinitoe! Na bado sijui: kupenda gauni ni kitu cha Mungu, au Mungu ananivumilia tu? Namuuliza, hajanijibu, ila hajaniacha. Ninachojua ni kwamba aliyeniumba alikuwa ananijua wakati mwenyewe sijijui. Mtumainini huyo, akina mama. Mwambieni hata yale madogo mnayoyaonea aibu.

Sasa, kila mama amgeukie jirani yake, amtajie rangi anayoipenda. Si ya kwaya, si ya harusi ya mtoto. Yako wewe.

Haya, semeni.

Jamani, mbona kimya? Hata wewe, mama mchungaji? Basi njoo, mama. Njooni wote tusimame hapa mbele, tuombe.