Shati Lisilo na Mgongo

Basi halijafika hata kituo cha pili, mama aliyekaa mbele yangu akatoa mkobani shati jeupe lililokatwa mgongo wote, akamwonyesha jirani yake, fundi cherehani mwenye futi shingoni. "Binti yangu anasomea urubani. Eti jana mwalimu alishuka kwenye ndege, akamwambia aruke peke yake. Alipotua, wenzake wakamkata shati. Ati ndiyo desturi yao!"

Fundi alilikagua kama daktari. "Mkasi umenyooka, mama. Aliyelivaa alitulia tuli. Mtu katoka angani peke yake, atulie hivi? Hapo kuna namna."

"Na mwalimu gani anamwachia mtoto wa watu ndege?"

"Labda ndege haikuwepo. Alikuwepo mwalimu tu."

Mama akalikunja shati upesi. Mimi nikazidi kusoma tangazo la dawa ya meno, ambalo nilishalimaliza.

Basi likasimama langoni pa uwanja wa ndege. Mama akashuka na shati lake kwapani, tayari kwa shari. Kindege kikapita juu yetu kikiyumba. Akarudi mbio, akagonga dirisha.

"Fundi, macho yangu hayafiki. Hebu niangalizie, mle ndani wako wangapi?"