Mzee Pima Tena, Fundi wa Rejeta za Oili za Ndege

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa nne wa fundi bati na mshona nguo. Alimaliza chuo cha ufundi mwaka 1970, wa pili kutoka mwisho. Mtihani, alisema mwenyewe, ulikuwa na haraka kuliko yeye.

Mwaka 1972 aliajiriwa kwenye karakana ya ndege ndogo, na mwaka 1978 akamwoa dada wa rubani wa hapo hapo. Siku ya harusi rubani alimtania: "Shemeji, nimekupa dada yangu. Wewe nipe injini isiyozimika."

Tarehe 3 Februari 1994 alimfungia shemeji yake injini ya rotari, ile isiyo na pistoni. Rejeta ya kupoza oili aliikadiria ukubwa kwa mazoea ya injini za pistoni, akasahau kuwa kwenye rotari oili hubeba joto jingi zaidi. Ndege ikiwa inapanda, oili ilipata moto kupita kiasi, injini ikakwama, shemeji akaanguka shambani na kuvunjika mguu. Wenzake walimshauri marehemu asingizie oili mbovu. Kwenye ripoti aliandika: "Rejeta ilikuwa ndogo. Niliikadiria mimi." Alisimamishwa kazi miaka miwili, na shemeji hakumsemesha kwa miaka kumi na tisa. Hilo lilimchosha kuliko kazi zote.

Aliporudi kazini alipima kila rejeta upana, unene na tundu la kutokea hewa, kisha akaanza upya. Vijana wakamwita Pima Tena.

"Baba nanihii, chakula kinapoa," mkewe alimwita.

"Kiache kipoe. Mimi nahangaika na kisichopoa."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2011. Machi 2013 shemeji aliingia wodini alimolazwa marehemu, akichechemea.

"Shemeji, hasira zimenichosha. Nimepata rotari nyingine. Nipimie rejeta."

Marehemu alilia waziwazi. "Tafuta fundi mwingine. Mimi hata kusimama siwezi."

"Simtaki mwingine."

Alipima akiwa kitini, binti yake mkubwa akimshikia futi. Tarehe 21 Juni, saa saba mchana kwenye jua kali, shemeji aliruka. Marehemu aliletwa uwanjani, akaitazama ndege mpaka ilipotua.

"Wakati wa kupanda, geji ya joto la oili ilisoma ngapi?"

"Nyuzi tisini na nne. Haikusogea."

"Basi nirudisheni nyumbani."

Alifariki tarehe 24 Juni 2013, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na shemeji yake, mzima.

Fundi wetu alichoka sana. Mungu ampumzishe.