Vigae 8,633 vya Mkunga

Kijiwe chetu kiko kati ya kinyozi na duka la cherehani. Mimi ndiye namimina kahawa, kwa hiyo hakuna neno linalonipita. Jana asubuhi Sentimita, fundi vigae, alifika na uso wa mtu aliyefiwa. Mkunga wetu amestaafu, na watu wamechanga vigae vidogo vya kioo, kimoja kwa kila mtoto aliyempokea: jumla 8,633. Vyote vibandikwe ukutani wadi ya wazazi, umbo la mstatili, bila pengo, bila kukata hata kimoja.

— Nimepanga tisini na tatu kwa tisini na tatu, akasema. Kona moja imebaki wazi. Vinapungua kumi na sita.

— Si uongeze? akasema Jaji, kinyozi asiyekosa hukumu. Nani atahesabu?

— Niwabuni watoto kumi na sita?

— Basi gawanya. Haba na haba hujaza kibaba!

Jaji akagawanya mwenyewe: kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Kwa kumi na tatu ikabaki moja, akatupa kalamu.

— Namba tasa hii. Haigawanyiki ng'o!

Pindo, fundi cherehani, akatoka dukani na futi shingoni.

— Tasa? Namba ya mkunga, watoto elfu nane na ushee, unaiita tasa? Koma!

— Dada, kuna namba zina kiburi. Ukiibandika hiyo, ukuta utapasuka, paa litafuata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Pindo akampa mgongo, akachora mraba chini kwa chaki.

— Shemeji, hiyo kona iliyo wazi ina ukubwa gani?

— Nne kwa nne, akajibu Sentimita.

— Basi safu nne za juu hazijatimia. Kila moja ina vigae vingapi?

— Themanini na tisa.

— Zitoe zote nne, zisimamishe wima, uzishone ubavuni. Chini zimebaki safu ngapi?

Sentimita akahesabu kwa midomo.

— Themanini na tisa... Zinalingana! Na kila safu sasa ina tisini na saba!

— Gauni limekaa mwilini, akasema Pindo.

Jaji akazidisha themanini na tisa kwa tisini na saba, akarudia tena, ikaja ile ile 8,633.

— Nilikuwa naelekea huko huko, akasema.

Sentimita akacheka huku akifuta macho kwa mkono wenye saruji.

— Kimojawapo ni changu mimi, mjue. Alinipokea yule mama.

Ndipo akatokea kijana tusiyemjua, vifungo vya shati vimepishana, anahema.

— Shikamooni. Mke wangu alishikwa na uchungu alfajiri, hatukuwahi hospitali. Mkunga yuko jirani, kampokea binti yetu. Kigae chake kitakaa wapi?

Jaji akaokota kalamu, akaandika 8,634. Pindo akatazama mchoro. Sentimita akasogea, akampisha mgeni kwenye benchi, akamwekea mkononi kikombe chake kilichokuwa bado kimejaa.