Historia ya Fundi Nusu Milimita na Kabati Lake la Droo Kumi na Moja

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, anayewasomea ni binti wa marehemu, mtoto wake wa kwanza, na familia imemwagiza asome polepole, asilie, na asimtukane mtu, naye ameahidi kujitahidi kwa mawili ya kwanza.

Marehemu baba yetu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Juni 1957, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, baba yake akiwa mlinzi wa getini na mama yake mshona magunia, na shangazi yake, ambaye yuko hapa leo na miaka yake tisini, anasema mtoto yule alitambaa kulifuata vumbi la mbao kabla hajajua kutambaa kumfuata mama yake. Shangazi ameomba tuseme kwamba hatii chumvi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, sekondari miaka minne, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1976 hadi 1978, na katika mwaka wa mwisho ndipo alipofika mwalimu mgeni kutoka Japani, seremala mzee aliyekaa chuoni miezi minane, na kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, yeye na baba walizungumza kwa penseli na patasi. Mzee yule alimfundisha kuunga mbao bila msumari hata mmoja, ulimi wa ubao huu ukiingia kwenye tundu la ubao ule, na kabari ndogo ya mti ikikaza vyote, huku akiacha nafasi ya kutosha kwa sababu mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua. Alipoondoka alimwachia msumeno wake wa kuvuta, ambao baba aliutumia mpaka mikono ilipomkatalia.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa kwenye karakana ya samani, ile yenye madirisha yaliyopakwa rangi ili mafundi wasipoteze muda kuangalia nje, akafanya kazi humo miaka thelathini na mitatu. Jina la Nusu Milimita alipewa na mpiga vanishi wa pale, kwa sababu baba aliinua kila kiungo kwenye mwanga, akafumba jicho moja, na akasema iondolewe nusu milimita, hata kama bosi alikuwa amesimama mlangoni akipiga kelele kwamba mteja anasubiri. Wengi wenu hamlijui jina lake jingine, na leo hatutawasumbua nalo.

Mama yetu ni fundi vyuma, binti wa fundi makufuli, na walijuana kwa ugomvi. Baba aliagiza kwake bawaba sita, akazirudisha, zikatengenezwa upya, akazirudisha tena, na mara ya tatu akazirudisha na kipande cha karatasi chenye mchoro na mshale, ndipo mama alipozileta mwenyewe kwa miguu, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, akamwambia mbele ya karakana nzima kwamba akizirudisha na hizi atamfungia mdomoni. Baba alizipima zote sita, akauliza nyumbani kwao ni wapi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1986, ambaye ni fundi umeme, na wa kiume mwaka 1990, ambaye ni nesi.

Sasa tunafika kwenye kabati, na tunaomba msikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo baba alipopakwa matope.

Mwezi Februari 2011 mama mmoja mfamasia aliagiza kabati refu la mtindo wa Kijapani, la droo kumi na moja, kwa sharti kwamba lifunguke vipande vipande bila kuharibika, kwa sababu ngazi za kwake ni nyembamba na yeye huhama kila mara. Baba alilichora kwenye kurasa arobaini na sita, akiwa amekaa kwenye meza yetu ya kulia, nasi tukala sakafuni miezi mitatu, na mama akachora pamoja naye vyuma vyake vyote, pete za kuvutia droo, vibao vya pembeni, bawaba, na komeo refu la kusimama linalozuia droo zote kwa mara moja, akavifua na kuvipiga tupa mwenyewe. Siri ya kabati lile ilikuwa moja tu, kwamba viungo vyake vyote vilishikwa na kabari moja iliyolala chini ya kibao cha chuma upande wa kulia, na ukurasa wa tisa uliandikwa kwa herufi kubwa kwamba kabla ya jambo lolote inua kibao, vuta kabari, na usipige nyundo popote.

Lilimalizika Aprili 2012. Jumamosi, tarehe 12 Mei, mwenye karakana alilipeleka kwenye maonyesho, baba akaambiwa abaki afagie, kwa kuwa mtu wa vumbi hasimamishwi mbele ya wageni, na bosi akasimama pale na michoro arobaini na sita ambayo jina la baba lilikuwa limefutwa kwa kifutio, akawaambia watu bila kupepesa macho kwamba amelibuni yeye. Mgeni mmoja akaomba aone linavyofunguka. Bosi alivuta, likakataa, akasukuma, likakataa, jasho likamtoka, akaomba nyundo, akaipiga nguzo ya kulia kutoka upande usiofaa, na nguzo ikapasuka kutoka juu hadi katikati mbele ya watu wote. Nafasi ya kufuta jina aliipata, ya kusoma ukurasa wa tisa hakuipata!

Jumatatu, tarehe 14 Mei 2012, baba alipewa barua ya kufukuzwa kazi yenye muhuri, ikisema kazi yake ni duni na ya hatari kwa wateja. Maneno hayo yalimtangulia katika kila karakana aliyokwenda, basi fundi aliyechora kabati lile akamaliza umri wake akikaza miguu ya viti uani kwetu. Hakutaka kurudishwa kazini, hakutaka kitu kingine chochote, alitaka barua ile ifutwe kwa maandishi, na kwa miaka kumi na moja alikwenda ofisini pale mara saba, na nakala ya ukurasa wa tisa kwenye bahasha, na mara saba aliambiwa si wakati wake.

Mwaka 2019 kifua kilianza kumbana, na daktari akasema ni vumbi la mbao la miaka mingi. Hatukushangaa. Barakoa pale karakana ziligawiwa asubuhi za ukaguzi na kukusanywa jioni. Kuanzia Machi mwaka huu alipumua kwa mtungi wa oksijeni.

Tarehe 21 Oktoba 2023 yule mama mfamasia, aliyesimuliwa ukweli na mpiga vanishi, alilileta kabati nyumbani kwetu kwa mkokoteni, likiwa na ufa wake. Baba aliomba asogezwe karibu, akapitisha kidole gumba kwenye alama ya nyundo, akasema aliyepiga alisimama upande usiofaa, kisha akainua kibao, akavuta kabari kwa vidole viwili, na kabati lile, pamoja na ufa wake, likafunguka lote kwa dakika nne bila kulia hata mara moja. Alilia yeye. Alilia kwa hasira, wala asije mtu akasema ilikuwa furaha, sisi tulikuwepo chumbani. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Leo alfajiri bosi wake, ambaye ameketi hapo safu ya pili, alituma ujumbe akiomba nafasi ya kutoa salamu za mwajiri na kumwita marehemu mfanyakazi wa kupigiwa mfano. Familia ilimjibu kwamba atapewa nafasi akija na maandishi ya kuifuta ile barua, kwenye karatasi ileile na muhuri uleule. Amejibu kwamba huu si wakati wake. Basi hiyo ni mara ya nane, na salamu za mwajiri tumeziondoa kwenye ratiba, kwa maana baba hakuwahi kuvikwa kilemba cha ukoka akiwa hai na hatutamvika leo ambapo hawezi kukivua.

Tunawashukuru daktari na manesi wa wodi ya kifua, majirani mliobeba mitungi kutoka barabarani mpaka chumbani, mama mfamasia, na mpiga vanishi aliyeuficha ukurasa wa tisa wenyewe kwenye kopo tupu la rangi wakati kuonekana nao kungemfukuzisha na yeye. Tunawashukuru na wafanyakazi wenzake wengine, ukiwaacha wale waliojitia hamnazo, ambao wanajijua.

Kabati liko mlangoni. Mama amelisimamisha kwa mikono yake, kabari iko mahali pake, na ukurasa wa tisa uko juu yake, ukiwa na jina lililofutwa ambalo bado linasomeka ukiuinamisha kwenye mwanga. Ukumbi huu una mlango mmoja, kwa hiyo kila aliye humu, wa safu ya kwanza na wa safu ya pili, atapita hapo, naye ana ruhusa ya familia kuinua kibao na kuvuta kabari mwenyewe. Nyundo haihitajiki.

Baba, kazi yako ilikuwa sawasawa, hakuna cha kuondoa. Wewe pumzika, amani yote chukua, hasira tuachie sisi.